Onyesha kwanza, chunguza kwanza au tatizo kwanza? Kipindi kimoja cha Hisabati (sehemu), maandalio matatu ya somo

Mwalimu mwenye kipindi kesho asubuhi kwa kawaida anajua atafundisha nini. Muhtasari wa somo na azimio la kazi, yaani mpango wa mada za mwaka, vimeshasema. Kinachomla jioni ni kuamua aanzie wapi: aonyeshe mwenyewe kisha wanafunzi wafuate, awape vitu washike na kuchunguza, au awawekee tatizo moja gumu kidogo wahangaike nalo kwanza. Kila njia ina watetezi wake, na kwenye semina nyingi ile ya kwanza husemwa kama dhambi. Si dhambi. Ina mahali pake kama zilivyo nyingine mbili, ila gharama zake za maandalizi hazilingani hata kidogo.

Hapa tunazipanga zote tatu kwa kipindi kilekile: Hisabati, Darasa la Nne la Tanzania, wanafunzi 60, dakika 40. Mada ni kulinganisha sehemu ambazo kiasi chake, yaani namba ya juu, ni 1, na asili, yaani namba ya chini, ni tofauti: 1/4 na 1/8, 1/2 na 1/3. Kwa walio Kenya, kipindi cha Gredi ya Nne ni dakika 35, kwa hiyo kuna 5 za kukata. Tutasema zikatwe wapi.

Yasiyobadilika kwa njia yoyote

Mambo matatu huandikwa kabla hujachagua njia, kwa sababu ndiyo yatakayokusaidia kuchagua.

La kwanza ni lengo. Liwe kitendo kinachoonekana na chenye kiwango: "Ifikapo mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kulinganisha jozi 5 za sehemu zenye kiasi 1 na kupatia angalau 4." Ukiandika "kuelewa sehemu" hutakuwa na namna ya kujua dakika ya 38 kama wameelewa au wamechoka.

La pili ni swali la mlangoni, yaani swali moja la dakika za mwisho ambalo kila mtu analijibu peke yake kwenye kipande cha karatasi na kukukabidhi anapotoka. Kwa kipindi hiki: *Ipi ni kubwa, 1/6 au 1/9? Toa sababu kwa mchoro au sentensi moja.* Namba hizo hazitumiki popote ndani ya kipindi, tena kwa makusudi. Ukirudia 1/4 na 1/8 unapima kumbukumbu ya robo saa iliyopita. Swali hili liandike kwanza, kabla hata ya utangulizi. Walimu wengi hulifikia mwisho, usiku umeshaingia, wakamaliza kwa "kuuliza maswali ya mdomo", na hapo upimaji ndio umekwisha.

La tatu ni kosa unalolitarajia. Katika mada hii halina mjadala: mtoto atasema 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa kuwa 8 ni kubwa kuliko 4. Si uzembe. Tangu Darasa la Kwanza amefundishwa kwamba namba kubwa ina vitu vingi, na hadi hapa kanuni hiyo haijawahi kumwangusha. Lakini mtoto huyohuyo akitumwa dukani anajua fika kwamba robo ya sukari ni nyingi kuliko nusu robo. Nusu robo ni gramu 125, nusu ya gramu 250, na ni 1/8 ya kilo. Yaani jibu analo mdomoni. Hajui tu kwamba ile alama 1/8 iliyo ubaoni ndiyo nusu robo aliyoibeba jana kwenye mfuko. Andalio lolote la kipindi hiki lisilopita dukani limeacha msaada mkubwa nje ya mlango.

Njia ya kwanza: onyesha kwanza

Mwalimu anaonyesha, kisha darasa linafanya naye, kisha kila mmoja anafanya peke yake. Dakika zinagawanyika hivi: 5 za maswali matatu ya jana (kutaja sehemu iliyotiwa kivuli), 10 za mifano miwili ubaoni, 10 za kufanya pamoja, 10 za maswali 5 kwenye daftari, 5 za swali la mlangoni. Kenya, toa 3 kwenye kazi ya daftari (yabaki maswali 3) na 2 kwenye mifano. Za kufanya pamoja usiziguse.

Kwenye mifano miwili ya mwanzo, chora mistatili miwili yenye urefu uleule kabisa, mmoja chini ya mwingine, kwa rula. Sentimita 48 kila mmoja ni urefu mzuri kwa ubao: robo inakuwa sentimita 12 na 1/8 inakuwa 6, bila kukisia. Wengi huchora duara kwa mkono, na kugawa duara sawasawa katika sehemu 8 kwa choki ni kazi hata kwa mtu mzima. Mistatili ikipishana urefu, au vipande visipolingana, mchoro wenyewe unafundisha uongo.

Sema unachofikiri kwa sauti wakati unachora: "Kitu ni kilekile kimoja. Huku kimegawiwa watu wanne, huku wanane. Walioongezeka wamekula kwenye fungu la nani?" Kisha andika alama: 1/4 > 1/8. Mwishoni ongeza neno la dukani.

Njia hii huharibikia katikati. Mwalimu akimaliza mfano wa pili huuliza "Tumeelewa?", darasa zima hujibu "Ndiyooo", naye anarukia kazi ya daftari. Dakika 10 za kufanya pamoja ndizo zimekufa hapo, na ndizo zenye faida kuliko zote. Zifanye hivi: andika jozi moja, kila mwanafunzi aandike jibu kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari kwa herufi kubwa, subiri, kisha wote wainue kwa pamoja. Kwa sekunde chache unaona madaftari 60. Kwenye kusubiri kuna jambo la kupanga pia. Mary Budd Rowe, aliyepima vipindi vya sayansi huko Marekani, alikuta walimu husubiri jibu kwa wastani wa sekunde 1 hivi. Walipofikisha 3, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kujibu. Andika "subiri 3" pembeni ya kila swali ndani ya andalio, maana ukiwa mbele ya darasa sekunde 3 huonekana nyingi mno.

Kasoro ya pili imejificha kwenye mifano yenyewe. Jozi zote zikiwa na kiasi 1, mtoto atajitungia kanuni fupi: "chini kukiwa na namba ndogo, sehemu ni kubwa." Itampa alama zote leo. Wiki ijayo ataambiwa alinganishe 1/2 na 3/4, aangalie 2 na 4, na aseme 1/2 ni kubwa. Kwa hiyo weka jozi hiyo moja kama swali la mwisho la kufanya pamoja, ichorwe, ibaki ubaoni bila kanuni yoyote. Haimo kwenye lengo la leo, lakini inazuia kanuni mbovu isikauke.

Maandalizi: dakika 20 hadi 30. Zana: choki, rula na daftari. Ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, na kwa stadi yenye hatua nyingi ambazo mtoto hawezi kuzigundua mwenyewe, kama kutumia kipimapembe, muundo wa barua rasmi au kugawanya kwa njia ndefu, hatuoni sababu ya kutafuta nyingine. Anayekutana na mada kwa mara ya kwanza hunufaika sana na mfano uliotatuliwa hatua kwa hatua. Faida hiyo hupungua kadiri anavyozoea, na mfano wa kumi na mbili unakuwa usingizi.

Njia ya pili: chunguza kwanza

Hapa wanafunzi wanashika kitu, wanaona, ndipo maelezo yanafuata. Umbo linalojulikana zaidi ni lile la hatua tano lililotoka BSCS, taasisi ya elimu ya sayansi ya Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980: vutia, chunguza, eleza, panua, pima. Kinachosahaulika ni kwamba hatua hizo zilikusudiwa kutandazwa kwenye mfululizo wa vipindi. Anayezibana zote tano ndani ya dakika 40 kila siku anajitafutia vurugu. Kwenye vipindi viwili mfululizo, dakika 80, zinakaa vizuri.

Kwa kipindi kimoja zipunguze hivi: 4 za kubashiri (kila mtu aandike ipi kubwa, 1/4 au 1/8, bila kusahihishwa), 3 za kugawa zana, 12 za kukunja na kulinganisha, 9 za kueleza, 7 za kutumia kwenye jozi mpya, 5 za swali la mlangoni. Kenya, kata zile 7 ziwe 2, yaani jozi moja tu.

Zana ni kanda za karatasi zenye urefu wa sentimita 24 na upana wa 3. Ukipenda kujua kwa nini 24: inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6 na 8 bila baki, kwa hiyo vipande vyake ni sentimita 12, 8, 6, 4 na 3. Karatasi moja ya A4 ina upana wa sentimita 21, inatoa kanda 7. Wanafunzi wakikaa wawiliwawili ni jozi 30, kila jozi kanda 4 (mmoja usikunjwe, mmoja nusu, mmoja robo, mmoja 1/8), jumla kanda 120. Hizo ni karatasi 18. Si lazima ziwe mpya: karatasi za mitihani ya zamani zilizoandikwa upande mmoja zinatosha. Kata kwa rula na wembe, karatasi tano kwa mpigo. Kukata pekee kutakula kama nusu saa, ila kanda hizo zikifungwa kwa raba na kuhifadhiwa zinatumika mwaka mzima kwa sehemu zilizo sawa, kujumlisha na kutoa.

Kukunja mara moja kunatoa nusu, mara mbili robo, mara tatu 1/8. Theluthi usiwape leo. Kukunja karatasi itoe vipande vitatu sawa ni kubahatisha, na mtoto akipata vipande vya sentimita 7, 8 na 9 atalinganisha makosa ya vidole vyake. Ukitaka theluthi, chora mistari mwenyewe kwenye kila sentimita 8.

Njia hii ina mitego ya kimwili kuliko ya kitaaluma. Kugawa kanda kwa watu 60 huchukua dakika 10 kama hujapanga. Panga mafungu ya kanda 4 mapema na mteue mgawaji mmoja kila safu. Hakikisha kanda zote zimekatwa urefu mmoja. Robo ya ukanda wa sentimita 20 ni 5, na 1/8 ya ukanda wa sentimita 40 pia ni 5. Ukichanganya urefu, mtoto atathibitisha kwa macho yake kwamba 1/4 na 1/8 ni sawa, na hutamtoa hapo kwa maneno. (Kipindi kingine, kwa makusudi, huo ungekuwa mtego mzuri wa kufundishia kwamba kitu kizima lazima kiwe kilekile.)

Mtego mkubwa ni kengele. Wanafunzi wanafurahia kukunja, mwalimu anafurahi kuwaona wanafurahi, dakika ya 30 inafika bado wanakunja. Wanatoka wakiwa wamekunja karatasi, basi. Kukunja kukome dakika ya 19, iliyoandikwa kwenye andalio na kupigiwa mstari, hata kama jozi nne hazijamaliza. Kilichobaki kinafanyika kwenye zile 9 za kueleza: rudini kwenye ubashiri, aliyeandika 1/8 apewe nafasi ya kusema alichokiona, alama iandikwe ubaoni ikiwa juu ya kanda halisi zilizobandikwa, neno *nusu robo* litajwe.

Njia ya tatu: tatizo kwanza

Hii ndiyo inayopendwa na kuharibiwa kuliko zote. Imekomaa sana Japani, ambako walimu huandaa somo pamoja, mmoja analifundisha wengine wakitazama, kisha wanalichambua. Umbo lake ni tatizo moja, muda wa kuhangaika nalo, mjadala wa njia zilizopatikana, hitimisho.

Uzito wote uko kwenye tatizo. Hili linafaa:

*Watoto 4 wamegawana chapati 3 sawasawa. Watoto 8 wamegawana chapati 5 sawasawa. Kila mtoto wa kundi lipi amepata zaidi?*

Kwa juu linaonekana kubwa kuliko lengo, kwa sababu ni 3/4 na 5/8. Sasa lifanye kama mtoto asiyejua kanuni yoyote. Kundi la kwanza: anakata chapati mbili katikati, anapata nusu nne, kila mtoto nusu moja, chapati iliyobaki anaigawa kwa wanne, kila mtoto robo. Kundi la pili: chapati nne zinatoa nusu nane, kila mtoto nusu, iliyobaki anaigawa kwa wanane. Nusu na nusu zinafutana. Kinachobaki kulinganishwa ni robo na nusu robo, yaani 1/4 na 1/8, lengo letu lenyewe, nao wamelifikia bila kusukumwa. Tatizo lenye tabia hiyo halipatikani kwa dakika tano. Ukilipata, litunze.

Dakika: 5 za kuliweka (lisomwe, mwanafunzi mmoja alieleze kwa maneno yake, usidokeze njia), 10 za kufanya, 15 za mjadala, 5 za hitimisho, 5 za swali la mlangoni. Kenya, mjadala uwe 12 na kufanya 8.

Andalio lake halifanani na yale mawili. Badala ya kuorodhesha utakachosema, unaorodhesha watakachosema wao, na utafanya nini na kila jibu:

"Kundi la pili, kwa sababu 5 ni nyingi kuliko 3." Hili litatoka kwa wengi. Lianze mjadala, bila jina la mwenye nalo: "Kuna jibu nimeliona kwenye madaftari kadhaa. Mnasemaje?" Mara nyingi mtoto mwingine atauliza watoto je, mbona nao wameongezeka.

Mchoro wa chapati zenye ukubwa tofauti. Liwe la pili. Linaleta suala la kitu kizima kuwa kilekile.

Nusu kwanza. Hili ndilo moyo. Liwe la tatu, na lichukue dakika nyingi kuliko mengine.

"3/4 ni sawa na 6/8, nayo inazidi 5/8." Atakuwepo mmoja aliyesoma masomo ya ziada. Liweke mwisho kabisa, au usiliweke. Likitangulia, darasa litanyamaza na kunakili.

Mpangilio huo ndio kazi ya mwalimu katika zile dakika 10 za kuzunguka: anatembea na karatasi yake, anaandika nani ana njia ipi, hasahihishi, haelekezi. Anayemwita yeyote aliyeinua mkono amepoteza somo, kwani atakayeinua wa kwanza karibu kila mara ndiye mwenye jibu lililokamilika.

Ubao nao unapangwa kwenye karatasi kabla. Ugawe mara tatu: kushoto tatizo, katikati njia tatu zikiwa zimefuatana, kulia hitimisho. Usifute kitu hadi mwisho, ili mtoto aliyepotea dakika ya 20 aweze kurudi nyuma kwa macho. Kwa ubao mdogo, andika njia za wanafunzi kwenye manila na kuzibandika ukutani.

Wanafunzi 60 ni wengi kwa njia hii, lakini haishindikani. Huwezi kuona madaftari 60 kwa dakika 10. Utaona kama 25. Wakae watatu na karatasi moja, utakuwa na karatasi 20 za kupitia. Hasara yake ni kwamba wawili wanaweza kumwachia mmoja; ndiyo maana swali la mlangoni hapa lisirukwe kabisa.

Maandalizi ya mara ya kwanza: saa moja hadi moja na nusu, karibu yote ikienda kwenye kutatua tatizo kwa kila njia unayoweza kufikiria. Mwaka unaofuata, dakika 15.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

| | Onyesha kwanza | Chunguza kwanza | Tatizo kwanza |
|---|---|---|---|
| Maandalizi | Dakika 20–30 | Saa 1, pamoja na kukata | Saa 1–1½ |
| Zana | Choki, rula | Karatasi 18, kanda 120 | Ubao uliopangwa, manila |
| Nani anasema zaidi | Mwalimu | Wanafunzi, kisha mwalimu | Wanafunzi, mwalimu akipanga zamu |
| Hufia wapi | Kufanya pamoja kurukwa | Kengele kabla ya maelezo | Jibu sahihi kutangulia |
| Darasa la watu 80 na zaidi | Inawezekana | Kwa onyesho la mbele tu | Ngumu |
| Mwalimu mgeni wa mada | Salama | Ajaribu zana kwanza | Asubiri |

Mstari wa mwisho tunausisitiza. Njia ya tatu inamtaka mwalimu aijue mada kiasi cha kutambua wazo zuri lililoandikwa vibaya. Asiyejiamini kwenye sehemu aanze na ya kwanza, asione haya.

Uchague vipi

Angalia lile kosa uliloliandika. Kama chanzo chake ni kutojua utaratibu (hajui hatua inayofuata), onyesha. Kama chanzo ni kuamini jambo lisilo kweli, maelezo peke yake hayamng'oi. Anahitaji kuona ubashiri wake ukianguka, kwa hiyo chunguza. Vitu vinavyoelea na kuzama katika Sayansi ni mfano wa wazi: mtoto anayeamini kila kizito huzama utamweleza wiki nzima, ilhali kipande kikubwa cha mti na msumari mdogo kwenye beseni la maji humaliza kazi kwa dakika mbili. Na kama wanajua vipande vyote lakini hawaviunganishi, hapo ndipo pa kuanza na tatizo.

Kwa kipindi chetu cha sehemu, kosa ni imani. Kwa hiyo njia ya pili ndiyo inayostahili, hata kwa watu 60. Usipopata nafasi ya kukata kanda, chukua njia ya kwanza na uibe kitu kimoja tu kutoka ya pili: ule ubashiri wa dakika 4. Mwanafunzi aliyekwisha kuandika "1/8" kwa mkono wake husikiliza mfano wa ubaoni kwa namna tofauti. Tatizo la chapati liweke mwisho wa mada, siku watakapokuwa na vipande vyote.

Kuliingiza andalio kwenye fomu

Fomu ya andalio iliyozoeleka Tanzania kwa miaka mingi ina utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakari na hitimisho, na bado iko kwenye mafaili ya shule nyingi. Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umekuja na umahiri mkuu, umahiri mahususi na shughuli zake. Upande wa Kenya, mtaala wa umilisi ulioanza kusambazwa shuleni mwaka 2019 unaongeza swali dadisi, yaani swali linaloongoza uchunguzi wa somo, na sehemu ya mwalimu kujitathmini. Hakuna fomu kati ya hizo inayokulazimisha njia moja. Kwenye njia ya kwanza, maarifa mapya yanaanza kwenye safu ya mwalimu, ile ya fomu inayoandikwa vitendo vyake. Kwenye ya pili yanaanza kwenye safu ya mwanafunzi. Kwenye ya tatu, tatizo la chapati ndilo swali dadisi lenyewe.

Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, anayejua kazi yake huangalia kitu kimoja haraka: kama safu mbili zinasema jambo lilelile. Hivi:

Mwalimu: *Kuwaongoza wanafunzi kulinganisha sehemu.* Mwanafunzi: *Kulinganisha sehemu kwa kuongozwa na mwalimu.*

Hapo hakuna andalio, kuna kioo. Linganisha na hivi:

Mwalimu: *Kutangaza dakika ya 7 "kunjeni ukanda wa nne mara tatu", kuzunguka safu ya 1 na 4 kwanza, kusimamisha dakika ya 19.* Mwanafunzi: *Kukunja, kupanga kanda 4 kutoka kipande kirefu hadi kifupi, kuandika sehemu juu ya kila kipande.*

Mstari huu wa pili hata mwalimu mwingine anaweza kuuchukua asubuhi na kuingia nao darasani ukiwa mgonjwa.

Maandalio ya kupakua, yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, pamoja na yanayotungwa na programu za akili mnemba, yanaokoa muda wa kuchora jedwali tu. Kabla ya kuyatumia kagua manne: jumla ya dakika (ya Kenya yatakuwa 35, ya Tanzania 40), zana zilizotajwa kama zipo kabatini kwako, istilahi (utakuta "namba ya juu" pale kitabu kinaposema kiasi), na majibu, ambayo lazima uyakokotoe mwenyewe. Lengo na kosa linalotarajiwa usiyachukue kwa mtu. Yeye hana darasa lako.

Baada ya kengele

Karatasi 60 za swali la mlangoni usizisahihishe. Zigawe mafungu matatu, kwa dakika sita hivi: jibu sahihi lenye sababu, jibu sahihi bila sababu au lenye sababu mbovu, jibu lisilo sahihi. Hesabu na uandike namba hizo kwenye tathmini, kwa mfano "34, 15, 11", badala ya "somo limeeleweka kwa asilimia kubwa".

Fungu la tatu likiwa chini ya 10, endelea na azimio la kazi na uwaite hao wachache wakati wa mapumziko, pamoja na kanda. Likiwa kati ya 10 na 20, kipindi kijacho anza na dakika 10 za kufanya pamoja, madaftari yakiinuliwa. Likizidi 20, kipindi hakijafundishwa. Kirudie kwa njia nyingine, wala si ileile kwa sauti kubwa zaidi. Fungu la pili ndilo la kusomwa kwa makini: atakayeandika "1/6 kwa sababu 6 ni ndogo" amepata vema leo, na ndiye utakayemkuta kwenye 1/2 na 3/4 wiki ijayo.